WATU WANNE, NYUZI KUMI NA SITA

Tangu Jumamosi ile ya muhula huu tulipoonyeshwa katika bwalo watu wanne wakipiga muziki huko London, maneno yamekuwa mengi mabwenini. Wengine wamesema kwamba ule ulikuwa ni usingizi uliofungwa nyuzi. Wengine wamesema kwamba Jumamosi ni siku ya mpira au ya sinema, na kwamba haifai kuwakalisha watu usiku mbele ya wapigaji wanne waliovaa nguo nyeusi, hawaimbi wala hawachezi. Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya jambo hili, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wachache hapa shuleni wanaojua kushika fidla. Nimekubali. Sikubali kwa kutaka kuwatetea wapigaji wale, maana hawana haja ya kutetewa nami. Nimekubali kwa sababu usiku ule ulinisaidia kukata shauri katika jambo kubwa la nyumbani kwetu, nami nadhani sababu zake zaweza kumfaa na mwingine.

Kwanza nieleze mahali penyewe. Ukumbi ule unaitwa Wigmore Hall, nao uko katikati ya mji wa London. Si mkubwa, viti vyake havifiki 600. Ulifunguliwa mwaka 1901, na waliojenga walikuwa Wajerumani, kampuni ya Bechstein inayotengeneza piano. Ilipopiganwa Vita Kuu ya Kwanza, mali ya kampuni hiyo huko Uingereza ilitwaliwa kwa kuwa ni mali ya adui. Ukumbi ukauzwa mwaka 1916, na mwaka uliofuata ukafunguliwa tena kwa jina hili ulilo nalo sasa. Wale waliokaa mbele usiku ule waliona kwamba juu ya jukwaa pana kuba lililochorwa picha za rangi na dhahabu.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, kumbi zote za muziki huko zilifungwa. Tarehe 1 Juni mwaka huo ukumbi wa Wigmore ulianza kutoa muziki kila siku ya kazi mchana, pasipo wasikilizaji ndani, ukitangazwa moja kwa moja kwa redio ya BBC na kwa picha katika intaneti. Mpigaji alikuwa akipiga mbele ya viti vitupu, na huku watu wa nchi nyingi wakimsikiliza majumbani kwao. Baada ya maradhi kupungua watu walirudi vitini, lakini desturi ile ya kurusha picha haikuachwa. Ndiyo iliyotufikia hata sisi, kwa kompyuta ya mwalimu wetu, projekta ya shule, spika mbili za kwaya na shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani. Huko ilikuwa saa moja na nusu jioni, na hapa kwetu saa tatu na nusu usiku. Mwalimu wa zamu, kwa hisani yake, aliahirisha kengele ya kuzima taa.

Sasa nieleze hao wanne. Wawili walishika fidla, na hizo ndizo ndogo. Wa tatu alishika viola, ambayo ukiitazama kwa mbali utadhani ni fidla, ila ni kubwa kidogo na sauti yake iko chini zaidi. Wa nne alikaa na sello katikati ya magoti, nayo ndiyo yenye sauti nzito. Kila chombo kina nyuzi nne, basi jumla ni nyuzi kumi na sita. Hapana ngoma, hapana piano, wala hapana kiongozi wa kusimama mbele akipunga fimbo. Jambo hili la mwisho ndilo lililonistaajabisha kuliko yote. Kwaya yetu ya shule ina watu arobaini, na mwalimu akigeuka tu kufunga dirisha, sauti za tatu huwa zimekwisha potea njia. Watu wale wanne walianza kwa pamoja, wakanyamaza kwa pamoja, wakaenda mbio na kupunguza mwendo kwa pamoja, na hakuna aliyewaamuru. Nilitazama sana nipate siri yao, nami niliipata. Kabla ya kuanza, mwenye fidla ya kwanza aliinua kichwa kidogo akavuta pumzi kwa pua, na wale watatu wakavuta pumzi ile ile. Pumzi ndiyo iliyokuwa fimbo yao.

Muziki wa namna hii una historia ndefu. Aliyeupa sura yake ni Joseph Haydn, mtu wa Austria, aliyezaliwa mwaka 1732 na kufariki mwaka 1809. Habari zake zinasimulia kwamba alipokuwa kijana, bwana mmoja mwenye shamba, jina lake Fürnberg, alimwalika nyumbani kwake ili wapige muziki. Hapakuwa na kundi kubwa la wapigaji. Waliokuwapo walikuwa ni padri wa mahali pale, msimamizi wa shamba, mwanamuziki mmoja aitwaye Albrechtsberger, na Haydn mwenyewe. Basi Haydn akatunga muziki wa watu wanne, kwa kuwa wanne ndio waliokuwapo. Alipokufa alikuwa ametunga 68 wa aina hiyo. Napenda sana habari hii, kwa sababu inaonyesha kwamba kitu kinachohesabiwa leo kuwa cha fahari kilianza kama mambo yetu mengi yanavyoanza: majirani wamekutana jioni, na kila mmoja amekuja na alicho nacho.

Usiku ule walipiga muziki wake alioutunga mwaka 1797, wenye sehemu nne. Sehemu ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza, na wenzangu waliolala naomba wanisikilize hapa. Mwaka ule Haydn alikuwa ametunga wimbo wa kumwombea Mfalme Mkuu Franz, ukaimbwa mara ya kwanza tarehe 12 Februari, siku ya kuzaliwa kwake. Haydn alikuwa amekwisha kaa Uingereza mara mbili, akasikia jinsi watu wa huko wanavyomwombea mfalme wao kwa wimbo, naye akataka nchi yake iwe na wimbo wa namna hiyo. Baadaye akauchukua wimbo wake mwenyewe akautia katika muziki wa watu wanne. Wimbo huo leo ndio wimbo wa taifa la Ujerumani, uliochaguliwa mara ya kwanza mwaka 1922, ila kwa maneno mengine. Maneno hayo yalitungwa mwaka 1841 na mshairi wa Kijerumani akiwa katika kisiwa cha Heligoland. Mtu wa Kidato cha Tatu akisikia jina hilo atakumbuka mara moja mkataba wa mwaka 1890, ambao kwao Waingereza waliwapa Wajerumani kisiwa hicho kidogo, na Wajerumani wakakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Mimi ni mzaliwa wa Unguja. Sikutazamia kwamba nitakaa bwaloni nikisikia sauti iliyotoka Vienna, ikapewa maneno mapya katika kisiwa ambacho jina lake liliandikwa pamoja na letu kwenye karatasi moja.

Lakini tuiache historia, tuurudie muziki. Kwanza fidla ya kwanza huutoa wimbo wenyewe, polepole, na wengine humsindikiza. Kisha wimbo ule ule hurudiwa mara nne, nao haugeuki hata kidogo. Kinachogeuka ni mchukuaji. Mara ya kwanza huuchukua fidla ya pili, na fidla ya kwanza huuzunguka kwa sauti ndogo ndogo za haraka, mfano wa ndege juu ya mtu anayetembea. Mara ya pili huuchukua sello. Mara ya tatu huuchukua viola, ambayo kwa kawaida hukaa katikati na watu wengi hawaisikii. Mara ya nne hurudi kwa fidla ya kwanza, na sasa wote wanne huujaza chini yake mpaka mtu huona kama nyumba iliyokuwa na taa moja imewashwa taa zote.

Nilipokuwa nikitazama mara ile ya kwanza, wenye viola na sello hawakuwa na kazi yoyote. Mikono yao ilitulia, pinde zikalala magotini. Lakini hawakutazama huku na huko, wala hawakuonekana kama watu wanaosubiri zamu. Walikuwa wakiusikiliza wimbo kwa uso wote, kana kwamba ni wao wanaoupiga. Ilipofika zamu ya sello, askari wetu wa usiku, aliyekuwa amesimama dirishani na tochi yake, alisema kwa sauti, "Hilo kubwa linasema taratibu, kama mzee barazani." Watu walicheka, lakini nadhani yeye alikuwa ameusikiliza muziki kuliko wengi waliokuwa ndani.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Babu, mzaa mama. Kwa miaka mingi Babu amepiga fidla katika taarabu huko Unguja. Wanafunzi wengi hapa hudhani fidla ni chombo kigeni kabisa, lakini katika taarabu ya Zanzibar fidla iko tangu zamani, pamoja na udi na kanuni, na hata sello hupigwa. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, nacho kimepita umri wa karne moja. Tofauti ni kwamba katika taarabu fidla zote hufuata njia moja. Mwimbaji akitoa ubeti, fidla humjibu kwa pamoja, kila mpigaji akitia madoido yake kidogo. Katika muziki wa Haydn kila mmoja ana njia yake, na zote nne hukutana. Sisemi kwamba huu ni bora kuliko ule. Nasema kwamba vyote viwili vinamtaka mpigaji awe na masikio makubwa kuliko mikono.

Babu alinianzisha nikiwa na miaka tisa. Hakunifundisha kwa karatasi. Nilikaa mbele yake, magoti yetu yakikaribia kugusana, yeye akapiga kipande kidogo, nami nikakirudia. Nilipokosea hakusema neno, ila alikirudia tena. Bashrafu na nyimbo nyingi anazozijua hazikuandikwa popote. Zimo katika vidole vyake, na sasa vidole hivyo vimeanza kutetemeka. Mama ameniandikia kwamba asubuhi hupiga kidogo, na jioni hawezi tena.

Likizo iliyopita nilikuwa kwa shangazi yangu huku bara, na fidla yangu nikiwa nayo. Tukasema, kwa nini tusipige pamoja kwa simu ya picha? Shangazi aliisimamisha simu juu ya meza, ikaegemea birika. Nikamwamkia, "Shikamoo Babu," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, haya tuanze." Tukaanza, na baada ya hatua chache ikawa vurugu. Mimi nilimsikia yeye amechelewa, nikapunguza mwendo nimngoje. Yeye naye alinisikia mimi nimechelewa, akapunguza zaidi anisubiri. Mwisho tulikuwa tumesimama wote wawili, kila mmoja akimngojea mwenzake. Babu akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, hii simu yaleta salamu, hailei muziki."

Jumamosi ile mwalimu wetu alieleza jambo ambalo lilinifunulia maneno ya Babu. Katikati ya sehemu ya tatu, kama mnavyokumbuka, picha iliganda, pinde zikabaki hewani, na kile kiduara kikazunguka huku watu wakipiga miluzi. Mwalimu akatumia nafasi hiyo kutueleza kwamba picha na sauti hukatwakatwa vipande vidogo vidogo, hubanwa ili viwe vyepesi, kisha hupitishwa katika kompyuta nyingi na katika waya zilizolazwa chini ya bahari. Waya wa namna hiyo ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Vipande vikifika hapa hukusanywa kwanza kidogo akibani, ndipo vionyeshwe, ili njia ikisita picha isikatike mara kwa mara. Kwa hiyo tunayoyaita "moja kwa moja" si moja kwa moja hasa. Yamechelewa kwa sekunde kadhaa. Makofi tuliyoyasikia yalikuwa yamekwisha nyamaza London.

Kwa msikilizaji kuchelewa huko si kitu. Hata ingekuwa dakika nzima, wimbo ni ule ule. Lakini kwa mpigaji ni jambo jingine. Sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde moja. Wale wanne walikaa karibu karibu, hata sauti ya mmoja kumfikia mwenzake huchukua sehemu chache tu za elfu za sekunde. Mwalimu alisema kwamba ucheleweshaji ukizidi sehemu 30 za elfu hivi, wapigaji huanza kuvutana kama tulivyovutana mimi na Babu, na simu ya kawaida huchelewesha zaidi ya hapo. Ndiyo maana wakati wa korona wanamuziki wengi waliotaka kupiga pamoja kutoka majumbani hawakuweza. Ilibidi kila mmoja ajirekodi peke yake, akisikiliza mapigo sikioni, na baadaye fundi aviunganishe vipande. Walioonekana katika picha moja hawakuwa wamesikilizana kamwe.

Basi nikafikiri hivi. Muziki uliokwisha pigwa waweza kusafiri dunia nzima, ukavuka bahari, ukaingia mpaka bwalo letu linalonukia maharage. Lakini kuupiga pamoja hakusafiri. Watu wale wanne wangeweza kuwa na kila chombo cha kisasa, na bado hapana budi wakae ambapo kila mmoja asikie pumzi ya mwenzake. Na kama ni hivyo kwa kupiga, ni hivyo pia kwa kufundishwa. Naweza kumrekodi Babu kwa simu, nami nitamrekodi. Lakini rekodi haitanirudilia kipande nilichokosea, wala haitajua kwamba nimekosea.

Sasa niseme lile shauri. Baba yangu anafanya kazi Muscat, na tangu mwaka jana amesema kwamba nikimaliza mtihani mwezi wa Novemba niende kwake, nikae huko nikingojea majibu na nafasi ya Kidato cha Tano, nimsaidie dukani na nione dunia. Ni mwaliko wa mapenzi, na rafiki zangu wangeuruka kwa furaha. Nami nataka kwenda, maana Baba sijamwona kwa miaka mitatu. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba Babu yupo na simu ipo, tutaonana humo. Baada ya Jumamosi ile sikuweza kujiambia hivyo tena. Nilikaa darasani siku ya Jumapili nikamwandikia Baba barua, si ujumbe wa simu, maana jambo hili lilistahili karatasi. Nilimwomba kwa heshima zote anipe ruhusa nikae Unguja kwanza, mbele ya Babu, asubuhi zile ambazo vidole vyake bado vinamtii, na safari ya Muscat ije baadaye. Nilimweleza kwamba duka litakuwapo na Muscat itakuwapo. Juu ya Babu sikuandika zaidi, kwa kuwa Baba anafahamu.

Ninapoandika haya jibu lake halijafika. Huenda akakubali, huenda akaona kwamba mtoto wake amepoteza akili kwa ajili ya fidla. Lo lote atakaloamua nitalitii. Lakini nimefurahi kwamba nimeuliza.

Kwa wenzangu wanaosema kwamba tulipotezewa usiku wetu, sina ugomvi nao. Si kila mtu atapenda Haydn, kama vile si kila mtu anapenda taarabu au mpira. Ila nawaomba wajiulize kama nyumbani kwao hakuna mtu wa namna ya Babu: bibi ajuaye dawa za miti, mjomba fundi wa majahazi, mzee mwenye habari za ukoo ambazo hazimo kitabuni. Sisi wa bweni tumezoea kuwasikia watu wetu kwa simu ya ofisini mara moja kwa juma, na salamu zile ni njema, tena ni lazima. Lakini kuna mambo ambayo hayatoki kwa mtu mpaka magoti yenu yakaribie kugusana. Na wazazi wetu wanaosoma gazeti hili, nawaomba wasikasirike mtoto akiomba likizo moja ya kukaa tu karibu na mzee, bila masomo ya ziada wala safari.

 

Mwanafunzi wa Kidato cha IV